Muulize Yaya: mifupa, majeneza madogo na nyumba chini ya lava

Wasomaji wangu, toleo lililopita niliandika juu ya ile taa nilitengeneza na fuvu la mbuzi, ile inakaa mu saluni yangu, chumba cha wageni, hapa Goma na wageni wengine wanakaa wakiipa mugongo. Tangu hapo ujumbe hauishi ku telefone. Kuna wenye wanataka kujifunza, kuna wenye wamekasirika, na kuna mama mmoja ambaye nilimjibu usiku ule ule mbele hata ya kuandika hapa, juu jambo lake halikuweza kungojea gazeti. Majina nimeacha, nimeweka kartie tu.

SWALI: Yaya, mambo? Nilinunua kichwa cha mbuzi ku soko ya Virunga nikafanya kama wewe. Nilitokotesha masaa mingi ju nyama itoke, kisha nikalowesha mu javeli siku nzima ili ikuwe nyeupe. Sasa mufupa unatoka unga nikigusa, meno zingine zimepotea, za mbele juu hata moja haiko, na harufu ingali palepale. Nilikosa wapi, na hii naweza kuiokoa?
*Kijana wa Birere*

JIBU: Kijana wangu, tuanze na meno ili roho itulie: mbuzi hana meno ya mbele ya juu, hajawahi kuwa nayo. Juu kuko ufizi mgumu tu, na ya chini inakata majani ikibana pale. Kwa hiyo hapo hakuna kitu ulipoteza. Zile za mbele chini ndizo zinaangukaka haraka, kwa hiyo kila ukimwaga maji yapitishe mu kipande cha chandarua ya zamani, utazikuta zimebaki pale, utazirudisha na kole mwishoni.

Sasa moto na javeli. Ukitokotesha kwa nguvu, mafuta yanaingia ndani ya mfupa badala ya kutoka, na kisha miezi fulani fuvu linakuwa njano, linanuka, linashika vumbi. Tena ile mifupa ya ndani ya pua ni myembamba sana, ukiangalia kwa mwanga unaona inapitisha nuru, maji yakichemka inavunjika yote na hapo njo uzuri wa fuvu uko. Javeli nayo inakula mfupa wenyewe, na haiachi hata ukisuuza mara moja, inaendelea polepole mpaka unabaki na chokaa.

Njia yenye inafaa ni ya uvivu. Omba muuzaji akuchunie kichwa vizuri, toa ubongo kwa tundu ya nyuma na kijiti na maji, kisha weka mu ndoo yenye kifuniko, maji ya kawaida tu, mbali na nyumba na mbali na majirani juu itanuka, hilo sikufichi. Vijidudu vya ndani ya maji ndivyo vinakula nyama. Sisi Goma tuko juu, karibu mita 1500, baridi ya usiku inachelewesha, kwa hiyo weka ndoo pahali jua linapiga na uwe na subira ya majuma mengi. Maji ukibadilisha usimwage yote, acha kidogo ili vijidudu visiishe. Ganda la pembe litalegea lenyewe, unalivuta linatoka kama soksi, ndani kuko mfupa mwingine wenye matundu matundu, safisha pale vizuri sana maana harufu nyingi inajificha ndani mule. Nyama ikiisha, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, unabadilisha kila ukiona mafuta yanaelea juu, mpaka yasielee tena. Mwisho kabisa njo ule weupe: maji ya oksijeni ya ku farmasi, ile ya 3 kwa mia, fuvu lizame lote, kifuniko usikaze juu inatoa hewa, na mikono iwe na glavu.

Hilo lako la javeli suuza, suuza tena, lianike ku kivuli mpaka likauke kabisa, kisha pakaa kole nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji mengi, inywe, ikauke, rudilia. Halitakuwa nyeupe tena lakini litasimama.

Na neno moja lenye sitaki upitie mbio: chukua kichwa cha mnyama aliyechinjwa ku soko, usiokote mzoga wenye haujulikani umekufa na nini. Mwaka 2025 makumi ya viboko walikufa na kimeta mu Parke ya Virunga. Mbegu za kile kidudu zinakaa mu udongo na mu mifupa miaka na miaka, na mtu anaipata kwa kugusa au kuvuta vumbi.

SWALI: Yaya niko mwanafunzi, mimi na kamarade wangu tunapendaka vitu vya mifupa sana. Niliona foto ya kanisa moja Ulaya, taa yote ya katikati ni mifupa ya batu, ni kweli ama ni ya kompyuta? Na tuko na swali ingine, kuko shimo moja kando ya barabara ya kuenda Sake, kila asubuhi tunakuta ndege na mijusi wamekufa ndani, wazima, hawana kidonda. Tunataka kushuka tukusanye. Tuanze na gani?
*Wawili wa Kyeshero*

JIBU: Msishuke. Nawaomba mbele ya kusoma mbele zaidi, mukisoma hii sentensi peke yake inatosha: msishuke mule, wala msitume mtoto, wala mbwa.

Ile ni mazuku. Upande wetu huu wa kaskazini ya ziwa, kutoka Himbi mpaka Bulengo na kuendelea, gesi ya kaboni inatoka chini ya mawe ya volkano, na juu ni nzito kuliko hewa inalala mu mashimo kama hayo. Haina rangi, na haitoi onyo lenye mtu anaweza kutegemea. Asubuhi mapema upepo ukiwa haujaanza ndiyo inakuwa nyingi. Ndege akishuka kunywa maji anabaki, kuku anabaki, mtoto mfupi anaanguka mahali baba yake angali anasimama, na baba akiinama kumuinua naye anabaki pale pale. Kwa mtu kama sisi mwenye jicho lake linatafutaka mifupa safi, shimo kama lile linaita, na kifo cha bila kidonda ndicho alama yenyewe. Muonyeshe chefu wa kartie, waweke alama pale, na mukiwa na mawe muyapange pembeni yake, muwaambie na majirani wenye mbuzi.

Kuhusu kanisa, ni kweli. Iko Sedlec, mu muji wa Kutná Hora, inchi ya Ucheki. Chini ya kanisa kuko mifupa ya watu kati ya 40 000 na 70 000, wengi walikufa na tauni na vita vya zamani, makaburi yalijaa mpaka mifupa ikawekwa ndani. Mu mwaka 1870 fundi wa mbao anaitwa František Rint alipewa kazi ya kuipanga, akatengeneza ile taa ya katikati, na wanasemaka kila aina ya mfupa wa mwili wa mtu inapatikana mule. Akaandika jina lake ku ukuta, na mifupa pia. Paris nayo, kuanzia 1786, walihamisha mifupa ya mamilioni ya watu kutoka makaburi yaliyofurika wakaipanga mu mashimo ya zamani ya mawe chini ya muji.

Lakini wale mafundi walipewa ile mifupa na kanisa na serikali, hawakuichimba. Kwetu mtu akichimba fondasio akakuta mfupa wa mtu, ule ni wa familia fulani yenye pengine ingali inatafuta. Hauguswi, unaitiwa wakubwa. Na wanyama wa pori vilevile: fuvu la nyani, jino la tembo, ngozi ya chui, hata kama mtu anakuuzia rahisi, sheria ya uhifadhi ya tarehe 11/2/2014 iko na ina kifungo. Mbuzi, ngombe, kuku, sungura, samaki wa ziwa, hivyo vinatosha maisha yote. Taya la sambaza, kale kasamaki kadogo ka ziwa, ukiliangalia na lupe utaacha kutamani fuvu la nyani.

SWALI: Jambo Yaya. Mimi ni mama wa batoto ine. Binti yangu wa miaka 13, tangu mwaka jana anachoraka mafuvu na makaburi mu kaye ya shule, juzi nikakuta chini ya kitanda kajeneza ka kartoni, ndani ameweka mudoli wa kitambaa amefunikwa na leso yangu ya zamani. Nilionesha shangazi yake, yeye akapeleka maneno ku chumba cha maombi, sasa banasema mutoto iko na pepo, bananiomba nimulete akae kule siku tatu bila kula ili bamutoe ile kitu. Bwana yangu eko safari. Mutoto iko na akili, anasoma vizuri, ananisaidia nyumbani. Lakini kale kajeneza kalinitisha.
*Mama wa Majengo*

JIBU: Mama, usimpeleke. Nilikuandikia hivyo usiku ule na nakuandikia tena hapa, mbele ya watu wote, juu najua kuna wamama wengine wako na swali hilo hilo na hawana wa kuuliza.

Kwanza ujue sheria iko upande wako. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10/1/2009 imeweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 kwa mwenye anamtesa mtoto rohoni na ile shitaka. Kumfungia mtoto siku tatu bila chakula ni mateso, hata kama wanaimba wakati wanafanya. Shangazi umwambie wazi wazi, na heshima yake yote, kwamba maneno ya mtoto huyu hayatoki tena mu nyumba. Wengi wa wale watoto munaona wanalala inje mu Birere walianzia hapo, neno moja ku chumba cha maombi, kisha jirani akasikia, kisha shule ikasikia, kisha nyumbani hapakukalika.

Sasa kale kajeneza. Mimi nakusoma unasema mudoli alifunikwa na leso yako. Mtoto mwenye anataka ubaya haendi kutafuta leso ya mama yake amfunike nayo mtu. Hiyo ni kuzika vizuri, Mama. Umri wa miaka 13 mu Goma maana yake ameona volkano ya mwezi wa tano 2021, siku ile watu wote tulibeba magodoro tukaenda Sake na Rwanda, ameona vita ikiingia mu muji, amesikia watu wazima wanahesabu wafu kwa sauti ya chini wakidhani amelala. Akili ya mtoto inafanya nini na vitu hivyo? Mwingine anagombana shuleni, mwingine anakojoa kitandani, wako anachora na kukata kartoni. Mimi nilianza hivyo hivyo, umri ule ule, na nyanya yangu aliketi kando yangu akaniuliza yule mtu wa udongo ni nani, nikamwambia, akasikiliza mpaka nikamaliza, na hakuna kitu kingine alifanya.

Fanya hivyo. Usimfiche kwamba ulikaona. Siku nyumba imetulia, chukua kale kajeneza ukaweke mbele yenu wawili, umuulize, huyu ni nani, amekufa na nini, tutamzika wapi. Uliza na sauti ile unamuuliza juu ya shule. Pengine atakuambia jina lenye haukutazamia, la mwalimu, la mtoto waliketi naye banki moja. Pengine atakuambia ni mudoli tu, alipenda umbo la sanduku, na hiyo nayo ni jibu kamili, vitu vya kutisha viko na uzuri wake na wengine tumezaliwa na jicho lake. Umnunulie kole nzuri na kisu ya kukata kartoni, umwonyeshe namna ya kuikamata.

Kuna alama zingine ambazo hizo si sanaa na hazingojei: akisema anataka kufa, akijikata, akiacha kula au kulala majuma, akijifungia asiongee hata na wadogo zake. Hapo unamtwala kwa watu wenye walisomea, hapa Goma kuko Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili, wanaona watoto pia. Lakini mu barua yako alama hata moja sikuiona. Niliona mtoto anasoma vizuri na anamsaidia mama yake.

SWALI: Yaya, mu formasio ya usaidizi wa kwanza walituletea ule mudoli wa kupumulisha. Mwalimu akasema uso wake ni wa musichana aliyekufa kweli. Tangu pale siwezi kuweka midomo yangu. Ni kweli?
*Mjitoleaji wa Katindo*

JIBU: Uso ni wa maski ya plasta ya musichana wa Paris, wa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba alitolewa mu mto Seine amekufa na maji, hakuna mtu alikuja kumtambua, na fundi akamwaga plasta ku uso wake juu alikuwa anatabasamu. Wengine wanasema maji haiachaki uso laini namna ile, lazima alikuwa mzima wakati wa plasta. Nakala zikauzwa, watu wakatundika mu nyumba zao Ulaya yote. Mu 1960 mtengenezaji wa vitu vya kuchezea wa Norway, Asmund Laerdal, akatafuta uso wa kuweka ku mudoli wa mafunzo, akakumbuka ile maski aliyoiona mu nyumba ya familia yake. Weka midomo, ndugu yangu. Huyo musichana ndiye anafundisha watu wasife na maji.

SWALI: Mheshimiwa Yaya, mimi niko menizie, miaka mingi nafanya majeneza, kazi hii haikosaki hapa kwetu. Juzi kijana mmoja akaja kuomba nimtengenezee kajeneza kadogo ka kuwekea saa na mapete yake, mbao ya libuyu, na kufuli. Analipa vizuri. Bibi yangu anasema nikifanya nitaita kifo mu nyumba. Wewe unasemaje?
*Fundi wa Ndosho*

JIBU: Mzee, na heshima yangu kwa kazi yako, juu wewe ndiye unapimaka watu wetu kwa mara ya mwisho.

Kifo hakikungoja kajeneza ka saa ili kijue njia ya Ndosho. Lakini bibi yako usimpite hivi hivi, yeye ndiye anaishi na harufu ya vernisi ya majeneza usiku na mchana, na mtu akiishi hivyo anaweka mipaka ili apate kulala. Kaongee naye. Kafanyie kale kasanduku pahali pengine, si ku meza ya kazi yenye unapimia wafu, na vipimo vyake visifanane na vya mtoto mchanga. Hilo mimi mwenyewe ningelikataa: sanduku la mapambo lenye ukubwa wa jeneza la mtoto, kuna mama atapita mu atelie yako aone, na haujui alizika nani.

Kisha nikuambie juu ya fundi mwenzako wa Ghana. Seth Kane Kwei, alikuwa menizie wa Teshie, pembeni ya Accra, mtu wa kabila la Ga, alifariki 1992. Kuanzia miaka ya 1950 alijulikana kwa majeneza yenye sura ya maisha ya marehemu: mvuvi anazikwa mu samaki, mkulima mu tunda la kakao, mwingine mu ndege. Watu wazima wanalia nyuma ya samaki mkubwa wa rangi ya buluu na hakuna mtu anaona ni mchezo. Mu 1989 majeneza yake yalionyeshwa Paris, maonyesho yale yale wasanii wetu wakongomani Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez walikuwemo. Watoto na wajukuu wa ile atelie wanafanya mpaka leo. Nawaza jeneza la umbo la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, Mzee, kwa mtu aliyebeba viazi na makala ya watu maisha yake yote, na magurudumu yake ya mbao. Libuyu ingefaa. Ukikubali siku moja, nitakuja kushika mbao tu.

SWALI: Hizi mambo za mafuvu ni za bazungu na Halowini yao, munaleta vitu vya inje mu utamaduni yetu. Mukongomani wa kweli anaogopa wafu.
*Msomaji wa Bukavu*

JIBU: Halowini ni ya Ireland na Scotland, ikavuka bahari ikakua Marekani, hapo sikatai, na mimi siifanyi. Mafuvu ya sukari na maua ya rangi ya machungwa ni ya Mexico, tarehe 1 na 2 mwezi wa 11, na sisi vilevile tarehe 1 mwezi wa 8 tunaenda kulima majani ku makaburi ya wazee wetu.

Lakini wewe uko Bukavu, panda gari uende Mwenga na Shabunda, uulize wazee wa Walega juu ya Bwami, kile chama chao cha mila. Zile maski ndogo za mbao, uso umepakwa udongo mweupe, ndevu za nyuzi, hazikufanywa zivaliwe ku uso peke yake: walizishika mukononi, walizitundika, na mwenyewe akifa maski inawekwa ku kaburi lake mpaka apatikane mrithi wa kuichukua. Nyeupe ile ni rangi ya wafu na ya mifupa, na waliipenda. Au shuka mpaka Katanga, Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mu 1957 na 1958 walichimba pale makaburi ya watu walioishi miaka zaidi ya 1000 iliyopita: vyungu vimepangwa kuzunguka marehemu, vito vya shaba, pembe za ndovu, na mu makaburi ya kisha, misalaba midogo ya shaba imewekwa juu ya mwili. Makaburi mengine ya watoto yalikuwa na mali nyingi. Mtu alikaa chini akafua ile shaba vizuri, akiijua inaenda udongoni. Wale waliogopa wafu, ndiyo, na wakawatengenezea vitu vizuri kwa mikono yao, yote mawili pamoja, na mimi njo hapo niko.

SWALI: Mwezi wa kwanza 2025 nilizika mudogo wangu, bila matanga, mbio mbio, hatukupata hata jeneza la maana. Maiti zilikuwa mu barabara. Na wewe unapamba saluni na mafuvu, na gazeti inachapisha foto. Haya hauna?
*Dada wa Mabanga*

JIBU: Dada, pole sana kwa mudogo wako. Pole kwa matanga yenye hayakufanyika, hiyo ni kifo ya pili.

Hasira yako siwezi kuijibu kana kwamba ni makosa. Nitakuambia tu nafanyaje. Sitengenezi damu, sitengenezi risasi, sitengenezi uso wa mtu mwenye alikuwa na jina. Kitu changu hata kimoja hakiingii mu nyumba yenye kilio. Ninachofanya nafanya usiku, kurante ikikatika, juu katika zile siku na mimi niliona yenye uliona na mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka nilipoishikisha kazi, na kazi yenye ilikuja ni hii, haikuja ya maua. Nikishika fuvu la mbuzi nikasafisha tundu la jicho na mswaki, polepole, kile kifo hakinikimbizi, kiko mu mkono wangu na kina mwanzo na mwisho. Wengine wanapata hiyo mu kwaya. Haupashwi kuipenda.

Foto umesema kweli. Nimeongea na wenye gazeti, kuanzia sasa zitakuwa ku ukurasa wa ndani, na alama juu, ili mwenye hataki apite. Na matanga ya mudogo wako hayajachelewa. Nimeona familia hapa wameyafanya mwaka mzima nyuma, wakaita watu, wakapika, wakasema habari zake usiku kucha. Wewe njo mkubwa, unaweza kuita.

SWALI: Yaya, mama yangu alipoteza nyumba mu lava ya 2002, karibu na ereoporo, kule ndege zinatua. Foto hata moja haikubaki. Sasa amezeeka, nataka kumtengenezea nyumba ile ndogo ndogo, na lava ikiingia. Dada zangu wanasema nitamuumiza. Nifanye, na nifanye na nini?
*Mwana wa Virunga*

JIBU: Muulize yeye kwanza, na umuulize anataka lava iwemo ao hapana. Pengine anataka nyumba ya tarehe 16, siku moja mbele ya lava kufika. Pengine anataka ile ya tarehe 17 mwezi wa kwanza, na mawe mu mlango, ili wajukuu waache kufikiri anatia chumvi. Mpango wote unategemea jibu hilo, na wakati unamuuliza, andika: mlango uliangalia wapi, jiko lilikuwa upande gani, mabati yalikuwa na kutu wapi, nani alikuwa analala karibu na dirisha.

Ufanye kwa kipimo cha 1 kwa 12, mita moja inakuwa sentimita 8 na kidogo. Kipimo hicho alikitumia mama mmoja wa Marekani, Frances Glessner Lee, mu miaka ya 1940 alitengeneza nyumba ndogo zenye vifo ndani, kila kitu mahali pake, kalenda ku ukuta, soksi ndogo alizofuma na pini, ili polisi wajifunze kuangalia chumba bila kuruka kitu. 18 ziko mpaka leo Baltimore na wanafundishia bado. Na kartoni usiidharau, Kingelez aliyekufa 2015 alijenga miji mizima na kartoni na karatasi, New York waliionyesha 2018.

Kuta: vipande vya mbao za kasha la nyanya, vikatwe vyembamba, si kartoni tupu, juu nyumba nyingi za pale zilikuwa za mbao na jicho la mama litajua. Mabati: kata kopo ya soda, ilaze juu ya kartoni yenye mistari, pitisha msumari butu mu kila mstari mpaka ichukue umbo, kisha sugua pembe na msasa zipoteze ule ung'aavu, na kutu umalizie na rangi ya kahawia. Lava: usitumie kokoto peke yake, itakuwa rundo la mawe ya kujengea. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, inakimbia, ikipoa inaacha mikunjo mikunjo juu. Loweka karatasi ya choo mu kole ya mbao na maji, ilaze, isukume na kidole kutoka upande wa kaskazini, juu kule ndiko ilitokea, ikapita ku ereoporo na katikati ya muji mpaka ziwani, na pale inakutana na ukuta iache ipande kidogo na iingie kwa mlango. Ikikauka paka nyeusi isiyong'aa, kisha saga jiwe la kweli la lava, lile la kiwanja chenu cha zamani kama munaweza kufika, unyunyizie unga wake juu ya kole mbichi. Mu nyufa rangi nyekundu kidogo sana. Ukiweka nyingi inakuwa keki.

Mlango usiubandike. Uache ufunguke, mama atataka kuangalia ndani.